Je, Wajua? Sufuria ya Lubunga Ikivuka Maji

Je, wajua kwamba Kisangani ina komini sita, tano zikiwa ukingo wa kulia wa mto Kongo, na Lubunga peke yake ukingo wa kushoto? Daraja hakuna. Anayetaka kufika katikati ya mji hupanda mtumbwi au kivuko, na mafungu ya mboga huvuka vivyo hivyo. Kwa hiyo mzaliwa wa Lubunga halisikii neno "ng'ambo" kwa mara ya kwanza akiwa uwanja wa ndege, alilikuta nyumbani. Safu ya leo inaifuata sufuria yake mpaka Brussels, Paris na mbali zaidi, tuone inapika nini mahali pasipo na kinu, pasipo na mawese ya jana, pasipo na jirani wa kumwomba jani la kufungia samaki.

Je, wajua kwamba majani ya mhogo hubadili jina kila yakivuka maji? Kisangani ni pondu. Bukavu, Goma na Lubumbashi ni sombe. Ukivuka Ziwa Tanganyika ni kisamvu. Kwenye friji za maduka ya Kiafrika kule Ufaransa, pakiti nyingi zimeandikwa saka-saka. Nimewahi kusikia akina mama wawili wakibishana juu ya friji moja, kila mmoja akidai mwenzake ameshika mboga isiyo yake, na mikononi wote wana pakiti ile ile.

Je, wajua kwamba pondu haitwangwi kwa ajili ya kulainika tu? Ndani ya jani la mhogo mna kemikali iitwayo linamarini, na kando yake, katika sehemu nyingine ya jani hilo hilo, mna kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima haviwezi kukutana. Mchi ukishuka, vinachanganyika, sianidi inatoka. Sumu hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, yaani chini ya joto la mchana wa kawaida wa Kisangani, kwa hiyo moto wa jiko huifukuza bila shida mradi sufuria iwe wazi mwanzoni. Mashine ya kusagia ya Ulaya hufanya kazi ya mchi, ijapokuwa hukata mahali ambapo mchi huponda, na mlaji mzoefu huijua tofauti hiyo kwa ulimi. Pakiti iliyogandishwa imekwisha kutwangwa, lakini kuiva bado. Anayeichemsha dakika kumi kama spinachi anajitafutia makubwa. Ipe saa nzima, ikibidi na zaidi.

Na je, wajua kwamba kuna watu wanaoipikia wiki nzima? Belém, katika jimbo la Pará kaskazini mwa Brazili, majani ya mhogo husagwa na kuchemshwa karibu siku saba, kisha hutiwa nyama ya nguruwe, na chakula hicho huitwa maniçoba. Tusiwacheke. Mhogo wenyewe ni wa kwao, Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukapanda mto polepole mpaka kwetu. Tunachokililia leo kama chakula cha mababu kilianza kama chakula cha ugenini.

Je, wajua kwamba mhogo unaouzwa Ulaya umepakwa nta? Mhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, hivyo wauzaji huupaka nta ya parafini kuzuia hewa. Mingi hutoka Costa Rica. Ndiyo maana unang'aa kama kiatu cha harusi. Menya yote, usikwangue juu juu.

Je, wajua kwamba ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote, ulielezwa kitabibu mwaka 1938 na daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, kutokana na wagonjwa wa Kwango, kusini magharibi mwa Kongo? Hutokea pale mhogo mchungu unapoharakishwa, usilowekwe siku za kutosha, na mlaji akawa hana samaki wala maharage ya kuusindikiza. Kwa hiyo bibi anayekuambia "uache ulale majini siku tatu, mjukuu wangu" hakucheleweshi. Anakulinda miguu.

Spinachi, je? Wengi huikimbilia wakikosa pondu. Msimamo wangu: spinachi peke yake ni usaliti, kwa sababu hulegea na kutoa maji hata kabla mafuta hayajaingia. Wapishi wenye busara huchanganya spinachi na kale, ile kabichi ya majani magumu ambayo Mkenya huiona akaita sukuma wiki na akawa amefika nyumbani. Chopoa mishipa, saga nusu, nusu uikate kwa kisu, utie kitunguu cha majani, pilipili mboga ya kijani, samaki wa moshi, na mawese mwishoni. Haitakuwa pondu. Lakini ukiila gizani na macho yakiwa yamefumbwa, moyo unaweza kudanganyika kwa vijiko vinne vya kwanza.

Je, wajua kwamba kijiko kidogo cha soda ya kuokea hulainisha majani magumu na kuyaachia rangi ya kijani? Wa Tanzania na Kenya watacheka: hiyo ni kazi ya magadi. Tena soda hiyo ukiitandaza kwenye bati na kuitia katika oveni ya moto saa moja hivi, hutoa hewa ya kaboni na mvuke, na kinachobaki ni kikali zaidi, jamaa wa karibu kabisa wa magadi. Tumia kidogo. Ikizidi, mboga huteleza mdomoni kama sabuni.

Sasa tuje kwenye lituma, maana mtu wa Kisangani ukimnyima lituma unamnyima jina. Ni ndizi za makemba, zile ndefu za kupika, zinazochemshwa na kutwangwa mpaka zinashikana, kisha zinaviringwa. Je, wajua kwamba ina ndugu ng'ambo ya Atlantiki? Wadominika wana mangú, Wapuertoriko wana mofongo, ila wao hukaanga kabla ya kutwanga, na Wakuba huita yao fufú de plátano, jina lisilohitaji mkalimani kwa Mkongo. Walioyapeleka mapishi hayo kule walikuwa Waafrika waliotekwa na kuvushwa kwa nguvu, wakiwa na kumbukumbu ya mchi tu. Leo makemba mengi yanayouzwa Brussels hutoka Kolombia na Ekwado. Ukitaka kununua kwa bei nzuri, ingia duka la Walatino badala ya la Waafrika, na usijaribu kamwe kutwanga ndizi mbivu za dukani ati kwa sababu bado zina ukijani. Nilijaribu. Ilitoka gundi ya kubandikia karatasi ukutani, na tuliokuwa mezani tukatazamana kimya mpaka mwenye nyumba akasema, "Basi, tule mkate."

Je, wajua kwamba walikuwako wageni wa kutoka Pwani ya Waswahili waliopika chakula cha kwao pale kwenye maporomoko ya Kisangani? Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip wa Zanzibar, alitambuliwa na Mfalme Leopold II kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Alikuwa na watu wengi, Waarabu wachache na Wangwana, yaani Waswahili wa misafara, wengi, na watu hao walikuwa na matumbo ya Unguja. Walitaka wali. Wakalima mpunga kando ya mto, wakaacha miembe na michungwa kila walipokaa. Tusiipambe historia: mashamba yale yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na misafara iliyoleta mbegu ndiyo iliyoteketeza vijiji. Lakini mpunga ulibaki baada ya mabwana kuondoka, na hadi leo mchele wa jimbo letu la Tshopo hushuka mto kwenda kulisha Kinshasa.

Walichokikosa ni nazi. Mnazi ni mti wa pwani, na Kisangani iko zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka Bahari ya Hindi. Fikiria basi mpishi wa Unguja aliyezoea kutia tui katika kila kitu, wali, samaki, maharage, kisamvu, amesimama kando ya mto akitazama michikichi pande zote. Akatia mawese. Akatia karanga. Kisamvu cha nazi kikawa pondu ya mawese, na hakuna aliyeandika kitabu cha mapishi kuhusu siku hiyo. Mlaji wa Lubunga anayelia leo Brussels kwamba pondu bila mawese si pondu ana mwenzake wa zaidi ya miaka mia moja thelathini iliyopita aliyelia kwamba kisamvu bila nazi si kisamvu.

Kwa haraka: je, wajua kwamba Waswahili wa Oman walibahatika zaidi? Salalah, kusini mwa nchi hiyo, hupata mvua za manyunyu za khareef kuanzia Juni hadi Septemba, na hapo minazi, migomba na mipapai hustawi kama uko Pemba. Aliyerudi Oman kutoka Zanzibar na mbuzi yake ya kukunia nazi hakuibeba bure.

Je, wajua kwamba "mikate", kwa Mkongo, si mikate? Katika Kilingala cha Kisangani na Kinshasa neno hilo la Kiswahili limekuwa jina la vitumbua vya ngano vya mviringo vinavyokaangwa katika mafuta tele asubuhi. Mtanzania aliyealikwa kula mikate Matonge, akategemea kukatiwa slesi, hushangaa kwa furaha. Hivi havihitaji kiungo chochote cha kutafuta: ngano, hamira, sukari, maji, mafuta. Ndicho chakula cha kwanza mgeni hupika akifika, kabla hajajua hata jina la mtaa wake.

Na Matonge yenyewe je? Jina hilo ni la mtaa wa komini ya Kalamu, Kinshasa, uliojaa muziki na baa. Wakongo wa Brussels wakalibandika sehemu ya Ixelles karibu na Porte de Namur, likashika. Humo utapata vyakula vya kwetu kama kwanga, mbika, makayabu, ngai-ngai, fumbwa na wanawake wa kukuambia umenunua ghali. Paris, kazi hiyo hufanywa na Château Rouge na soko la Dejean katika wilaya ya 18.

Je, wajua kwamba Wabelgiji nao wana maneno yetu mezani? Mchuzi mkali huuita pili-pili, bila kubadili herufi, na kuku wa moambe hupikwa majumbani mwa watu ambao hawajawahi kuiona Kongo, pengine babu tu ndiye aliyefanya kazi huko. Wakongo nao huwaita Wabelgiji banoko, wajomba. Mjomba hugombana na wewe, hukuibia pengine, lakini harusini lazima aitwe.

Mawese. Hapa nitakaa kidogo.

Je, wajua kwamba ukinunua biskuti Antwerp, kuna uwezekano mkubwa una mafuta ya mchikichi mkononi, na siri ya uzazi wa mchikichi huo ilifumbuliwa kilomita mia moja tu kutoka Lubunga? Ukishuka mto unafika Yangambi, ambako mwaka 1933 Wabelgiji waliweka makao ya kituo chao cha utafiti wa kilimo, INEAC. Mchikichi una aina ya dura, yenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo, na aina ya pisifera, isiyo na ganda lakini mara nyingi haifikishi tunda. Mwaka 1941 watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba ukizioanisha hizo mbili unapata tenera: ganda jembamba, nyama tele, mafuta tele. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamepandwa tenera. Hivyo mchikichi wa mwituni kwetu ulisomwa kwetu, ukatajirisha Asia.

Wajua pia kwamba kabla ya hapo, mwaka 1911, Mwingereza William Lever alipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi, moja likiitwa Elisabetha kwa heshima ya malkia? Leo ni Lokutu, ndani ya Tshopo hii hii. Mafuta yaliyokamuliwa na watu waliolazimishwa kukwea michikichi hiyo mirefu yalikwenda kuwa sabuni.

Mbona basi mafuta ya biskuti si mekundu? Kwa sababu yamesafishwa, yakapaushwa na kuondolewa harufu kiwandani. Wekundu wa mawese ni karotini, ndugu ya ile ya karoti, na joto kali huiua. Jikoni Lubunga wapo wanaoyachoma mawese makusudi mpaka yapauke, moshi ukajaa ua. Ukifanya hivyo ghorofa ya nne kengele ya moto italia na majirani watashuka ngazi wakiwa na pajama. Nasema kwa ushahidi.

Ukikosa mawese ya Kiafrika, tafuta duka la Wabrazili au Wareno uulizie azeite de dendê. Ni mafuta yale yale, yanayopendwa Bahia, na neno dendê lina asili ya Kimbundu cha Angola. Lakini angalia rangi. Wapo wafanyabiashara walioyatia rangi ya Sudan, ya kiwandani, isiyoruhusiwa kwenye chakula, ili mafuta yaliyopauka yaonekane mapya. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulilazimika kutoa amri ya dharura iliyotaja pilipili, manjano na mafuta ya mchikichi. Mawese mazuri hujitenga yakitulia: mazito chini, mepesi juu. Chupa yenye wekundu mmoja mkali wa kuumiza macho, juu mpaka chini, mimi huirudisha rafuni.

Je, wajua kwamba Mholanzi huita siagi ya karanga pindakaas, yaani "jibini ya karanga"? Neno boter lilihifadhiwa na sheria kwa siagi ya maziwa peke yake, hivyo, husemwa, karanga ikaingia kwa mlango wa jibini. Kwa mchuzi wako chagua isiyo na sukari. Kuku wa karanga mwenye sukari ni keki iliyopotea njia.

Pilipili kali ya nyumbani, ile yenye harufu ya matunda, unaipata Uholanzi na Ubelgiji kwa jina la Madame Jeanette, kutoka kwa watu wa Suriname. Njano. Nusu yatosha.

Je, wajua kwamba samaki "capitaine" wa liboke, yule anayefungwa majanini, na sangara wa Mwanza ni samaki mmoja, Lates niloticus? Kwetu ni mwenyeji wa mto. Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950, akawala wenyeji wengi, akawa biashara. Ndiye yule anayelala kwenye barafu za maduka makubwa ya Ubelgiji akiitwa victoriabaars. Kwa hiyo Mkongo wa Liège anapofunga liboke la capitaine siku ya Jumapili, kuna uwezekano mkubwa samaki wake alivuliwa na Mkerewe au Mluo. Na asidhani huku nyumbani tuko salama na ugeni: mpiodi, samaki wa barafu anayeliwa Kongo nzima na anayelisha familia nyingi kuliko capitaine, kwa sehemu kubwa huvuliwa Namibia.

Liboke linataka majani mapana ya msituni, ya jamii ya Marantaceae, ambayo huacha harufu yake ndani ya samaki. Ulaya watu hutumia karatasi ya aluminiamu. Je, wajua kwamba taasisi ya Ujerumani ya kutathmini usalama wa vyakula, BfR, hushauri karatasi hiyo isiguse chakula chenye chumvi au uchachu? Na liboke lina vyote viwili, chumvi na nyanya au ndimu. Dawa ni majani ya mgomba yaliyogandishwa, yaliyomo katika kila duka la Wathai. Yapitishe juu ya moto kwanza yalainike, funga, ndipo aluminiamu ije nje kama koti.

Sasa mizigo. Je, wajua kwamba tangu tarehe 14 Desemba 2019 msafiri anayeingia Umoja wa Ulaya na mboga au matunda mabichi lazima awe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa kwa matunda matano tu: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende? Pondu mbichi ya mama haimo. Nyama na maziwa haviingii kabisa. Lakini samaki anaruhusiwa mpaka kilo 20, awe mkavu au wa moshi, na hapo sheria ina ukarimu wa ajabu: kilo 20, au samaki mmoja, kipi kizito zaidi. Capitaine wa mita moja na nusu, kisheria, anaweza kusafiri nawe. Swali ni kama shirika la ndege litakubali.

Wengi hawajui tofauti hiyo ya nyama na samaki, au wanaijua wakabahatisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2010, uliopekua mizigo ya abiria waliotoka Afrika ya Kati na Magharibi kwenye uwanja wa Roissy, ulikadiria kwamba tani tano hivi za nyama ya porini ziliingia Paris kila wiki. Kwa wanyama wetu hiyo ni hasara kubwa, na kwa afya ni kamari. Samaki wa moshi hutia ladha ile ile ya nyumbani bila kumwaga machozi mbele ya afisa.

Viwavi na mpose, wale funza wanene wa mchikichi, ni hadithi nyingine. Je, wajua kwamba Umoja wa Ulaya ulimwidhinisha mdudu wa kwanza kuwa chakula mwaka 2021, baada ya tathmini ndefu ya wanasayansi? Alikuwa funza wa unga, yule anayeharibu nafaka ghalani. Kiwavi wetu anayeliwa tangu kabla Ulaya haijaijua njia ya kuja huku bado anasubiri barua.

Fufu! Wasio na unga wa mhogo husonga semolina laini ya ngano iliyochanganywa na wanga wa viazi. Huvutika vizuri, hushiba upesi, hulala tumboni kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Mpenda ugali hununua polenta ya Waitaliano, akakuta ni ya njano na ya chengachenga. Unga wa masa wa Wameksiko ni mweupe, lakini umepikwa kwa chokaa na ladha yake hukataa kujificha. Ule wa Venezuela wa kutengenezea arepa ulikwisha pikwa kiwandani, hivyo ukiutia katika maji yanayochemka utakuaibisha mbele ya wageni.

Je, wajua kwamba huko Marekani mchicha pori ni adui wa taifa? Aina moja, Amaranthus palmeri, imewashinda wakulima wa soya na pamba kwa kuzizoea dawa za magugu. Wakati huo huo wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo waliopewa vipande vya bustani za jamii Maine au Idaho hupanda ndugu yake kwa mistari, wakaita lenga-lenga, wakauza kwa mafungu. Na matembele? Neno hilo ni moja Dar es Salaam na Kisangani, majani ya kiazi kitamu, na ukikosa mbegu nunua kiazi dukani, kizamishe nusu katika glasi ya maji dirishani. Wiki chache una mboga.

Lakini hakuna aliyekula vibaya ugenini kama mwigizaji Humphrey Bogart. Je, wajua kwamba mwaka 1951 mwongozaji John Huston alimleta yeye na Katharine Hepburn kupiga picha za filamu ya "The African Queen" kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu, ambako reli ya kilomita 125 inayoanzia Lubunga inaishia? Reli hiyo ilikamilika mwaka 1906 ili kukwepa maporomoko. Hepburn alikunywa maji kwa nidhamu akaugua tumbo kweli kweli. Bogart alijigamba baadaye kwamba yeye alinusurika kwa maharage ya kopo, asparaga za kopo na wiski. Kando ya mto uliojaa samaki, chini ya migomba na michikichi, mtu anafungua kopo! Alirudi akapata Oskari. Sidhani ilikuwa kwa sababu ya chakula.

V. S. Naipaul naye, katika riwaya yake ya mwaka 1979 "A Bend in the River", aliweka katika mji wa kwenye kona ya mto, unaofanana sana na Kisangani, mgahawa wa hambaga uitwao Bigburger. Msimulizi wake ni mwenye duka kutoka pwani ya mashariki. Pwani tena.

Kahawa baada ya chakula: je, wajua kwamba jina "robusta" lilienea kupitia kampuni ya mimea ya Linden ya Brussels, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa miche iliyotoka bonde la Lomami? Lomami huingia mto Kongo pale Isangi, safari ya mtumbwi kutoka Lubunga. Espresso nyingi za Italia zina damu hiyo.

Na ndizi? Je, wajua kwamba mkusanyiko mkubwa kuliko yote duniani wa aina za migomba haupo Kongo wala Uganda, bali uko Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji? Ulianzishwa mwaka 1985, una aina zaidi ya 1,500, vichipukizi vidogo vikikaa ndani ya chupa za kioo kwenye nyuzi 16 hivi, na nakala zake zikiwa zimegandishwa kwa naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mmoja wa migomba maarufu ya huko ni Yangambi Km 5, unaopendwa na watafiti kwa ukaidi wake mbele ya ugonjwa wa madoa meusi na minyoo ya mizizi, na uliobeba jina la nguzo ya barabarani ya jirani yetu. Kutoka Matonge mpaka Leuven ni nusu saa hivi kwa treni. Ukiandika barua vizuri unaweza kutumiwa kichipukizi, cha utafiti au cha kupanda. Cha lituma hawatoi.